Mtaro Uliopinda Nyumbani kwa Kaltun

Kaltun aliuza maji mjini Garissa kwa miaka thelathini, na katika miaka hiyo alijifunza kutomwamini mtu yeyote aliyeshika mtungi. Aliwajua waliochota maji ya chumvi kisimani wakayachanganya na ya mto, ili mnywaji asitambue mpaka birika lake liote ukoko mweupe. Aliwajua waliopasha moto kitako cha mtungi wa plastiki wakakisukuma ndani, lita ishirini zikawa kumi na nane. Wanunuzi nao aliwajua, wanaopokea mitungi mitano kisha wakaapa kwa jina la Mungu kwamba ilikuwa minne. Yeye mwenyewe hakupunja mtu. Alikuwa na hakika kwamba mahali fulani yupo mtu kama yeye, amekaa kimya, anahesabu.

Alizaliwa upande wa Habaswein, kwa wafugaji. Ukame ulipowamaliza ng'ombe, yeye na mumewe Abdijabar waliteremka Garissa wakiwa na binti mmoja mgongoni. Abdijabar hakukaa sana duniani baada ya hapo. Mjane akanunua punda mmoja na mkokoteni, akaanza kupanda na kushuka kati ya mto Tana na mitaa ya mji. Punda wakawa wawili, wakawa wanne. Kwa migongo ya punda hao alinunua ploti mtaa wa Waberi akajenga vyumba vitatu vya matofali ya saruji, paa la mabati, choo cha shimo kule mwisho wa ua na mfereji mmoja karibu na geti. Alipofika miaka sitini aliuza punda wake wote. Watu aliwaambia kwamba punda wamemchosha.

Basi Jumamosi moja, baada ya sala ya alasiri, akaja mkwewe Abdiwali. Abdiwali alikuwa amemwoa Ikran, yule binti wa pekee, naye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko: misumari, rangi, mabomba, matangi. Kwa desturi ya Wasomali mwanamume hamkazii macho mama wa mkewe, na Abdiwali alikuwa mtu wa desturi. Alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akanywa chai akitazama miguu yake mwenyewe, akasema:

"Hooyo, nyumba hii ikiwekwa mabomba mapya itapanda bei sana."

Hooyo ni mama, na hivyo ndivyo alivyomwita tangu siku ya harusi. Kaltun alishusha kikombe.

"Nani amekwambia nauza?"

Abdiwali alisema hakuna anayeuza. Alisema tu kwamba mji unakua, kwamba watu wenye kazi nzuri wanatafuta nyumba yenye choo na bafu ndani, yenye tangi la kuhifadhi maji siku ambazo mifereji ya mji imekauka, yenye sinki jikoni na shimo la maji taka lililofunikwa vizuri. Nyumba mbili zikiwa zimesimama ukuta kwa ukuta, ukubwa mmoja, ile yenye mabomba ya kuaminika huizidi mwenzake kwa mbali. Akatoa karatasi yenye mchoro. Akamalizia kwa kusema kwamba vifaa vyote atavitoa yeye dukani kwake, bure.

Neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu mambo. Kama angetaja bei, Kaltun angebishana naye, wangepatana au wasipatane, yakaisha. Lakini bure! Usiku huo alikula kidogo. Alimtafakari mkwewe tangu unyayo hadi utosi. Labda ana bidhaa mbovu anataka kuzitoa dukani. Labda anaipamba nyumba ili aiuze, kama mtu anavyomkogesha mbuzi kabla ya kumpeleka mnadani. Au anasubiri mama mkwe afe, na anataka arithi kitu kilichonona. Na kwa nini hakunitazama? Alisahau, au alijisahaulisha, kwamba Abdiwali hakuwahi kumtazama usoni kwa miaka kumi na mitatu.

Hata hivyo hakukataa. Mtu akikataa mapema hajui kamwe alichokuwa akifanyiwa. Alikubali kwa masharti mawili: fundi amtafute yeye mwenyewe na amlipe yeye mwenyewe, na kila kifaa kitakachotoka dukani kipitie mikononi mwake kabla ya kufungwa.

Fundi aliyempata aliitwa Jatani, Mborana wa upande wa Wajir, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mchache wa maneno. Alikuwa amejifunza kazi kwenye visima virefu, akitengeneza pampu, kisha akahamia mabomba ya majumbani. Kaltun alimpenda kwa sababu moja tu, kwamba hakuwa na ukoo wala urafiki na Abdiwali. Wao wawili lugha yao ilikuwa Kiswahili, kila mmoja na chake. Kaltun alisema "baibu" badala ya paipu na "bili" badala ya pili maisha yake yote, na hakuona kosa.

Siku ya kwanza Jatani alichimba kulifuata bomba la zamani, lile la chuma lililotoka kwenye mita hadi mfereji. Alipolikata, ndani mlikuwa na kutu nene, nafasi ya maji imebaki kama tundu la sindano. Mbele kidogo, penye kiungo kilichopasuka, mizizi ya mti wa mathenge ilikuwa imeingia na kujaza bomba kama nywele kwenye mto wa kulalia.

"Mama, maji uliyokuwa ukilipia, mengine yalikuwa yananywewa na mti," Jatani alisema.

"Mti ya nani?"

"Huu wako, hapa ukutani."

Kaltun aliutazama mti ule kwa muda mrefu. Miaka yote alikuwa akimshuku jirani. Aliamuru mti ukatwe siku ileile, na mizizi akaiweka juu ya ukuta ikauke, apate kuwaonyesha watu.

Kuanzia siku hiyo alihamishia mkeka wake uani. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta, tasbihi mkononi, na kila kilichoingia getini kilipita mbele yake. Mabomba ya plastiki aliyahesabu moja moja. Viungo, kona na valvu alivitia alama kwa ncha ya msumari, kisha jioni akapita na kuhakikisha alama zipo. Mifereji aliipima kwa kuigonga na kuisikiliza, kwa kuwa alisikia kwamba ipo ya plastiki iliyopakwa rangi ya kung'aa ikaitwa shaba. Jatani hakulalamika; jioni naye alichora kwenye daftari kila bomba alikolipitisha. Siku moja tu, alipomwona anazihesabu hata chenga zilizokatwa, alimsogezea ndoo ya chenga, akaendelea na kazi.

Siku ya tano Kaltun alitoka kwenda kununua maziwa ya ngamia. Kwenye kibanda cha chai kilichoko kona ya mtaa akawaona watu wawili wamekaa benchi moja, vichwa karibu. Mmoja alikuwa fundi wake. Wa pili alikuwa mkwewe. Abdiwali alikuwa akionyesha kitu kwa mikono, kama mtu anayepima urefu wa kitanda. Walipomwona wakanyamaza. Abdiwali akainamisha uso, Jatani akainuka akisema muda wa kurudi kazini umefika.

Kaltun alipita na chombo chake cha maziwa bila kusimama. Moyoni alisema: Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi niliyemtafuta mwenyewe wamekwisha kumnunua.

Alasiri hiyo akauona mtaro. Kwenye mchoro wa Abdiwali bomba la maji lilitoka kwenye tangi likaenda moja kwa moja hadi upande wa mbele, karibu na sebule, ambako choo na bafu vilipangwa kujengwa. Lakini mtaro aliouchimba Jatani ulifika katikati ya ua ukapinda kushoto. Ulielekea nyuma, kwenye dirisha la chumba anacholala yeye.

Alimwuliza Jatani kwa nini. Jatani alisema ardhi ya upande wa mbele ni laini, tangu mafuriko imekuwa ikididimia. Huenda ilikuwa kweli. Kaltun aliukanyaga udongo wa mbele, akauona mgumu kama sahani.

Alilala akiwaza mtaro ule. Mtu anayepamba nyumba ili auze, kwa nini aweke bafu kwenye chumba cha kizee? Mnunuzi anataka kuwaonyesha wageni choo, hataki wapite penye godoro. Labda wanataka kuukata ua mara mbili, sehemu ya mbele iuzwe, yeye abanwe nyuma na choo chake kama mfungwa. Kila alipoigeuza hesabu hiyo, haikukaa sawa.

Siku mbili baadaye alikwenda hospitali kuchukua dawa za presha. Aliporudi, jirani yake Saado alimwita kupitia juu ya ukuta. Saado alikuwa mwanamke wa rika lake, mjane pia, na mambo ya mtaa hayakumpita. Alimweleza kwamba mtu amekuja na mita ya kupimia, amevaa koti, akazunguka ua mzima, akahesabu vyumba, akaangalia tangi, akaandika. Saado alimtambua. Alikuwa Bulle, dalali wa nyumba na ploti.

Kaltun alimshukuru, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alifungua sanduku la bati, akatoa barua ya ploti, akaikunja ndani ya mfuko wa plastiki na kuifunga kiunoni chini ya gauni lake la dirac. Hakuivua tena, hata wakati wa kulala. Alifikiria kumfukuza Jatani palepale, akaona si busara. Mwizi akijua ameonekana hukimbia na ushahidi. Wacha wamalize, nione wanachomaliza.

Kazi iliendelea. Tangi jeusi la lita elfu moja lilipandishwa juu ya mnara wa vyuma. Kwa Kaltun hiyo ilikuwa mitungi hamsini, safari nane au tisa za punda. Kuta za bafu zikainuka, na mlango wake, kama alivyohofia, ukafunguliwa chumbani mwake. Shimo la maji taka likachimbwa nyuma, likajengwa kwa mawe, likafunikwa. Ijumaa ya wiki ya tatu Jatani alifungulia maji, akajaza tangi, akajaribu kila mfereji, akasema kila kitu kiko sawa. Kisha akanawa akaenda msikitini.

Kaltun alibaki peke yake. Alizunguka nyumba akafunga kila mfereji, mpaka vidole vikamuuma. Halafu akaburura kigoda hadi kwenye geti, akakifunua kifuniko cha mita, akakaa kuitazama. Kwenye uso wa mita kuna kigurudumu kidogo chekundu chenye umbo la nyota, na mtu aliyeuza maji nusu ya umri wake anajua maana yake. Kama hakuna tone linalopita, nyota husimama. Nyota ilikuwa inazunguka. Polepole sana, kama jicho la mtu anayesinzia, lakini ilikuwa inazunguka. Kaltun akaandika tarakimu ukutani kwa kipande cha mkaa, akasikiliza hotuba ya imamu kutoka kwenye vipaza sauti hadi ikaisha, akaandika tarakimu nyingine chini yake.

Jatani aliporudi alimkuta bado ameketi pale.

"Fundi, maji inaenda. Mifereji yote nimefunga, na maji inaenda."

Alijiandaa. Katika biashara yake aliwauliza watu wengi maji yamekwenda wapi, na kila mmoja alikuwa na wa kumtaja: punda, jua, mtungi, kazi ya Mungu. Jatani hakumtaja yeyote. Alizisoma tarakimu za mkaa, akaitazama nyota, kisha akaufuata mtaro uliofukiwa, akitembea pekupeku ili ausikie udongo. Pale penye pindo la kuelekea chumba cha Kaltun alichutama. Akachimba kwa mikono. Udongo ulikuwa umelowa.

Mabomba yale huunganishwa kwa kuyapasha moto ncha zake na kuzibana mpaka ziwe kitu kimoja. Kiungo cha pindo hilo kilikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Jatani alikifuta kwa kidole, akakionyesha.

"Ni mkono wangu huu, mama. Nilikibana kabla hakijapata moto wa kutosha. Nilikuwa na haraka." Akauonyesha ukuta kwa kidole. "Kingekaa hivyo, baada ya mwaka ukuta wa chumba chako ungeanza kula unyevu."

Kaltun alimtazama yule mtu mrefu aliyepiga magoti matopeni na kanzu yake ya Ijumaa. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia mtu akisema ni mkono wangu.

Alimwacha akate, apashe, aunganishe upya. Alimwacha hata angoje nusu saa kabla ya kufungulia. Nyota ikasimama. Ndipo Kaltun akamletea chai, akakaa mbele yake.

"Umesema kweli ya kwanza," alisema. "Sasa sema ya bili. Hii baibu kwa nini imekuja chumba yangu?"

Jatani alizungusha kikombe. "Nilipewa amana nisiseme."

"Na mimi nimekupa nyumba. Ibi kubwa?"

Fundi alitazama geti, akatazama tangi, akatazama mikono yake. "Hakuna anayeuza nyumba yako, mama. Mkweo aliniambia nipime hatua. Kutoka kitandani hadi chooni zisizidi saba. Mlangoni nisiweke kizingiti. Na ukutani niweke chuma cha kushika, lakini nikiweke mwisho kabisa, ili usiulize mapema."

Kaltun alifunika goti lake kwa kiganja. Kile kitu ambacho hakuna mtu aliyekijua, kimejulikana.

Kwa maana goti lake la kulia lilikuwa limekufa. Ndilo lililowauza punda. Msimu wa mvua uliopita, alfajiri moja, alikuwa akienda choo cha shimo mwisho wa ua, mguu ukamtoka, akaanguka kwenye matope. Alilala pale, mvua ikimpiga, akajaribu mara nne kuinuka, ya tano akafaulu kwa kujivuta kwenye ukuta. Aliingia ndani akafua nguo zake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo alipunguza kunywa maji kuanzia magharibi, yeye aliyekuwa muuza maji, ili asihitaji kutoka.

Aliita bajaji akaenda kwa binti yake. Ikran alikuwa jikoni akipika mkate wa anjera, watoto hawajarudi kutoka madrasa. Kaltun hakukaa.

"Nani alikwambia nilianguka?"

Ikran alishusha mwiko. Kwanza alijaribu kujifanya haelewi, kisha akaacha. Saado ndiye aliyemwona kupitia juu ya ukuta, alikuwa anatafuta njia ya kuja kumsaidia alipomwona ameinuka mwenyewe. Alimjua jirani yake, akajua akijitokeza atamvunjia heshima. Akaja kumweleza Ikran. Ikran aligusia habari ya goti mara mbili, na mara zote mbili mama yake alimgeuzia maneno kwenye habari za punda. Akamwendea mumewe. Sasa Abdiwali afanye nini? Mkwe gani atakaa kwenye mkeka wa mama mkwe amzungumzie habari za choo?

"Alisema mama yako ni mfanyabiashara," Ikran alisema. "Alisema, tukimwambia habari ya maumivu atatufukuza. Tukimwambia habari ya faida atasikiliza."

"Na Bulle?"

"Ulipoanza kutia alama viungo, aliogopa utasimamisha kazi. Akamwomba Bulle apime, akuletee bei kwa maandishi, uone kwamba faida ipo."

Anjera ilikuwa inaungua. Hakuna aliyeiepua.

"Mngeniambia," Kaltun alisema.

"Ungekubali, hooyo?"

Kaltun aliutazama moshi. Angeweza kusema ndiyo, lakini hakupenda uongo. "Nisingekubali," alisema. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, na Ikran akajua ndipo penye jeraha: "Lakini mmenifanya mjinga ndani ya ua wangu mwenyewe. Nimelala na barua ya ploti kiunoni kama mtu aliyezungukwa na wezi, na wezi wenyewe ni ninyi."

Ikran alilia, akamwomba radhi, akataka kumshika mkono. Kaltun aliuacha mkono ushikwe, ila hakukaa kunywa chai. Kwa siku tisa hakupokea simu ya binti yake wala ya mkwewe. Jatani alikuja akafunga kile chuma ukutani, akalipwa, akaenda zake. Bafu lilikaa safi, sakafu yake ya vigae ikimeta, na Kaltun akaendelea kuvuka ua kwenda choo cha zamani, kwa hasira.

Siku ya kumi Bulle alibisha hodi. Safari hii alikuja na jina la mnunuzi: mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Rhamu, mwenye mashamba ya umwagiliaji kando ya mto Daua, aliyetaka nyumba Garissa kwa ajili ya watoto wake wanaosoma. Kiasi alichotaja kilikuwa mara moja na nusu ya bei waliyouza watu wa nyumba ya tatu kutoka hapo, na ile ilikuwa na ua mkubwa zaidi.

Kaltun alicheka kwa ndani. Mchezo mwingine. Alimkalisha Bulle uani, akampigia simu mkwewe aje mara moja. Abdiwali alifika akiwa na vumbi la saruji kwenye mikono ya shati, akitweta. Kaltun akamwambia mbele ya dalali kwamba amechoka na michezo ya kuigiza, na kwamba mnunuzi wake wa vitunguu anaweza kurudi alikotoka.

Abdiwali aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alimtazama mama mkwe wake machoni, amesahau desturi, mdomo wazi.

"Wallahi, hooyo, huyu sikumtuma mimi."

Ulikuwa uso wa mtu aliyeshtuka, na Kaltun alikuwa ameziona nyuso nyingi za waongo kwenye foleni ya maji. Huu haukuwa mmoja wao. Abdiwali alitambua anachofanya, akainamisha kichwa haraka, masikio yakamwiva.

Basi ule uongo wa bei ulikuwa kweli tupu, na mwenyewe aliyeutunga hakujua. Kaltun alimgeukia Bulle. Hakumwuliza habari za mnunuzi. Alimwuliza ni nini hasa kilichoipandisha nyumba. Dalali akaeleza: tangi, kwa sababu mtu wa Garissa anajua maana ya siku tatu bila maji, choo cha ndani kisichotoa harufu, mabomba mapya yasiyo na kutu, na zaidi ya yote, mchoro wa fundi unaoonyesha kila bomba limepita wapi chini ya ardhi, maana watu wananunua nyumba kisha wanabomoa kuta kutafuta uvujaji. Nyumba zenye mchoro kama huo, alisema, hajaona hata tano.

Kaltun alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia hauzi. Bulle akaongeza kidogo, akaambiwa tena hauzi, akaaga. Abdiwali naye alitaka kuondoka, ila Kaltun alimwambia akae anywe chai. Wakamaliza kikombe cha kwanza. Mwishowe Kaltun alimwuliza kama dukani kuna choo cha pili cha aina ileile, na bei yake, bei kamili, ya mteja wa kawaida. Alitaka vyumba viwili vya mbele viwe na bafu lao na mita yao, avipangishe.

Abdiwali alitaja bei. Kaltun aliikata robo. Wakabishana vizuri mpaka magharibi, na wote wawili walionekana kupumua.

Vyumba vya mbele vilipata mpangaji kabla rangi haijakauka, muuguzi anayeitwa Fardosa. Bafu la nyuma Kaltun alianza kulitumia siku ileile aliyobishana bei na mkwewe, kimyakimya. Chuma cha ukutani hakukigusa mwezi mzima. Siku moja goti lilitetereka, mkono ukaenda wenyewe, ukakikuta pale ulipokitarajia. Akaanza tena kunywa maji jioni.

Habari ya nyota nyekundu na mizizi ya mathenge ilizunguka Waberi. Wanawake wakaanza kumwita kabla hawajamlipa fundi. Alikwenda na fimbo yake, akagonga mifereji, akauliza mchoro uko wapi, akaonya juu ya miti iliyo karibu na bomba. Hakutoza kitu, na wengine walimshuku kwa hilo. Mafundi wengi walimwogopa. Jatani peke yake ndiye aliyempendekeza kwa wateja wake, akisema kwamba akisimamia yeye, kazi inachelewa siku mbili, lakini hakuna anayempigia simu baadaye kulalamika.

Kwa Saado aliendelea kuwa baridi miezi kadhaa. Alimsalimia, akamjibu, ila ukuta ulibaki ukuta. Kisha mwanzoni mwa mwaka huu Saado alipita getini, akakaa kwenye mkeka, akasema anataka bafu la ndani, na anataka Jatani ndiye alijenge, na Kaltun ndiye alisimamie.

Kaltun alimkazia macho. "Kwa nini unalitaka?" aliuliza. "Unauza?"

"Nimezeeka," Saado alisema.

Kaltun alisubiri aongeze neno lingine. Alipoona haongezi, aliinuka taratibu akishikilia ukuta, akaingia ndani kutafuta simu ampigie fundi.